Hati ya Talaka Kutoka Mlimani

Malenga wetu wameiimba ndoa tangu posa hadi fungate, na talaka nayo hawakuiacha. Tunazo tungo za mke aliyeachwa usiku, za mume anayejuta asubuhi, za mama anayetazama mlango ambao wanawe hawataupitia tena. Lakini sikumbuki kusikia shairi lililotungwa kwa ajili ya karatasi yenyewe: ile yenye muhuri, yenye namba na mwaka, inayokaa ndani ya jalada kwenye chumba cha nyuma cha mahakama huku wenyewe wakizeeka. Pengine ni sawa. Karatasi ni kitu kikavu. Hata hivyo, ndiyo niliyoifuata hadi Moshi mwezi wa Julai 2023, na nimeona niandike namna inavyotafutwa na kile nilichokikuta ndani yake. Visiwani humu wako wengi wenye mashangazi na madada walioolewa bara, na sidhani kuwa njia ya karatasi hiyo inajulikana sana.

Aliyenituma ni mama mkubwa, dada wa kwanza wa mama yangu. Mwaka 1974 alikuwa akiishi Tanga kwa mjomba wake, akaposwa na kijana wa Kichaga, Mwislamu, aliyekuwa fundi wa reli. Wakaoana, akapanda gari moshi hadi Moshi, na kutoka Moshi akapandishwa mlimani, kwenye kijiji kilichofunikwa na migomba na mibuni, ambako jua huonekana kwa ruhusa ya ukungu. Alikaa huko miaka 12 na kuzaa watoto watatu. Mwaka 1986 alirudi Unguja peke yake. Watoto walibaki kwa baba yao, wakawa wanakuja kwake wakati wa likizo, na wote hivi sasa ni watu wazima wenye wajukuu wa kumletea.

Mwaka 2022 yule mtalaka wake alifariki. Ukoo ukakaa kikao, kama ilivyo desturi, kumchagua msimamizi wa mirathi; na kwa kuwa mahakama hutaka muhtasari wa kikao hicho, muhtasari ukaandikwa. Mtoto wake wa pili akampelekea picha yake kwa simu. Wake wa marehemu walikuwa wameorodheshwa wawili. Wa kwanza alikuwa mama mkubwa, na mbele ya jina lake yaliandikwa maneno matatu na mwaka: alitoroka nyumbani mwake, 1986.

Mama mkubwa anasoma vizuri, hakuhitaji kusomewa. Aliyasoma, akaiweka simu juu ya mkeka, akanyamaza mpaka ikaadhiniwa magharibi. Baada ya sala ndipo aliponiambia: "Sikutoroka, mwanangu. Niliachwa mahakamani, nikashuka mlima mchana, watu wananiona."

Hati yake mwenyewe ilikwisha kuliwa na mchwa zamani, pamoja na vyeti vya shule vya watoto, katika nyumba ya Ng'ambo iliyokuwa ikivuja. Jamaa yetu mmoja aliyesoma sheria alikuja kumtazama, akamweleza jambo ambalo sisi wengine hatukuwa tumelifikiria. Mwanamke aliyetoroka, alisema, bado ni mke. Na mke aliyefiwa ni mjane, na mjane ana la kudai. Aliyeachwa kwa amri ya mahakama hana. Kwa hiyo neno lile lililomuudhi ndilo lililomwachia mlango wazi, na hati anayoitaka ndiyo itakayoufunga. Mama mkubwa alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akamtilia kahawa, kisha akanigeukia mimi na kuniuliza nauli ya basi la Moshi ni kiasi gani siku hizi.

Hapa yanipasa kusema neno juu ya sheria, maana sisi wa visiwani huelekea kudhani kuwa bara mambo ni kama kwetu. Zanzibar, ndoa na talaka za Waislamu huamuliwa na Mahakama ya Kadhi, ambayo ina sheria yake, ya karibuni ikiwa ile ya mwaka 2017. Huko ng'ambo ya pili hakuna mahakama ya kadhi iliyo sehemu ya mahakama za dola. Iko Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayowahusu wote: Waislamu, Wakristo, wa kimila na wasio na dini. Kwa sheria hiyo talaka haikamiliki kwa ulimi. Mume akitamka, kutamka kwake ni ushahidi mzito mbele ya hakimu, lakini ndoa haijavunjika machoni mwa dola mpaka mahakama iseme imevunjika kiasi kisichorekebishika.

Na kabla ya mahakama kuna mlango mwingine. Mwenye shauri sharti kwanza apite kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, ama lile la kata, ama la jumuiya ya dini lililopewa kibali. Bakwata wanayo, na baadhi ya makanisa pia. Baraza likishindwa kuwapatanisha, hutoa hati ya kuthibitisha kushindwa huko. Kwa hati hiyo ndipo mtu anapofungua shauri, na anaweza kulifungua Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au hata Mahakama Kuu, maana zote zimepewa uwezo huo. Hukumu ikitolewa, asiyeridhika ana siku 45 za kukata rufaa. Mwisho wa yote, nakala ya amri hupelekwa kwa Msajili Mkuu wa ndoa na talaka ili iandikwe daftarini. Kazi hiyo zamani ilikuwa chini ya ofisi ya Kabidhi Wasii Mkuu, na tangu mwaka 2006 iko kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambao watu wote huwaita RITA.

Msomaji ataona basi kuwa talaka moja huzaa karatasi tatu katika nyumba tatu: ya baraza, ya mahakama na ya msajili. Watu wengi hutafuta moja wakidhani ni nyingine. Wapo wanaoshika hati ya baraza miaka na miaka, wakiamini kuwa wameachika, ilhali ile ni ithibati ya kushindwa kupatana tu. Na upande wa Moshi, ambako Wakatoliki na Walutheri ni wengi, wapo wanaokwenda parokiani kuuliza talaka katika daftari la ndoa. Kanisa Katoliki lina baraza lake linaloweza kutamka kuwa ndoa fulani ilikuwa batili tangu mwanzo, lakini tamko hilo ni la kanisa. Hakimu na msajili hawalitambui kuwa talaka. Mimi nilikuwa natafuta ya katikati, ya mahakama, kwa sababu ndiyo mama yao zote.

Kabla ya hapo mlima ulikuwa na kumbukumbu za namna yake. Mashauri ya ndoa yalikwenda kwa wazee wa ukoo na kwa mangi, na kilichobaki baada ya uamuzi hakikuwa wino bali vitu na watu: mbuzi aliyetolewa, mahari iliyorudishwa au iliyokataliwa, pombe ya mbege iliyonywewa na waliokuwapo ili wasiweze kesho kusema hawakuwapo. Na lilikuwapo jani la sale. Masale ndiyo mimea inayopandwa mipakani mwa kihamba, na jani lake ndilo anayeomba msamaha analompelekea aliyemkosea. Kulikataa ni jambo zito mno. Mchungaji Bruno Gutmann, Mjerumani aliyeishi Moshi ya Kale kwa miaka mingi, aliandika kitabu kinene juu ya sheria za Wachaga, kilichotoka mwaka 1926. Baadaye Sally Falk Moore, Mmarekani aliyekuwa mwanasheria na mwanaanthropolojia, akasoma majalada ya mahakama za Kilimanjaro na kuyalinganisha na aliyoyasikia vijijini, akatoa kitabu chake, Social Facts and Fabrications, mwaka 1986. Mwaka ule ule, katika mahakama moja ndogo ya huko huko, mama mkubwa alikuwa amesimama kizimbani. Majalada yaliyomfaa msomi yalikuwa yakiendelea kuandikwa.

Nilifika Moshi mjini alasiri, baada ya siku nzima ya basi kutoka Dar es Salaam. Julai ni mwezi wa baridi huko. Mlima haukuonekana kwa siku tatu, na kila niliyemuuliza alinionyesha upande ulipo kwa kidole, kwa uhakika, kama mtu anayemwonyesha mgeni nyumba ya jirani aliyesafiri.

Katika masjala ya mahakama mojawapo ya mjini nilipokewa na karani, mama wa makamo. Tuliamkiana, nikampa barua. Ilikuwa na sahihi ya mama mkubwa, dole gumba lake kwa tahadhari, na muhuri wa sheha wa shehia yetu. Karani aliugeuza ule muhuri mara mbili. "Sheha ndiyo nani, ndiyo mwenyekiti wa mtaa?" Nikamwambia ni kama hivyo. Akaniuliza uhusiano wangu na mwombaji, akataka kuona kitambulisho changu na nakala ya chake. Nilifurahi kwamba aliuliza. Jalada la talaka lina siri za watu wawili, na si vyema likatolewa kwa kila apitaye.

Kisha akaniuliza mambo matatu, ambayo mwenye kwenda huko ni vyema ayaandae kabla hajakata tiketi: mahakama gani, mwaka gani, majina gani.

Mahakama tuliijua, ya Mwanzo, huko juu. Lakini jengo lile lilikuwa limefungwa miaka mingi na majalada yake kuhamishiwa mahakama nyingine ya mwanzo ya jirani. Hilo karani alilijua kwa kichwa, bila kufungua kitabu. Mwaka tuliujua. Majina ndiyo yaliyokuwa kazi. Jina la mama mkubwa ni la pwani, refu, lenye "binti" katikati; je, aliyeliandika mwaka 1986 aliliandika kama lilivyotamkwa Unguja au kama lilivyosikika mlimani, ambako r na l huweza kubadilishana viti? Na marehemu alikuwa na majina matatu: la msikitini, la nyumbani kwao, na lile alilojulikana nalo reli. Karani aliniambia niyaandike yote, kila jina na kila tahajia inayowezekana, katika barua ya maombi. Akanipa kalamu na karatasi yenye mistari, nikaandika hapo hapo, kwa Hakimu Mfawidhi, kuomba nakala iliyothibitishwa ya mwenendo, hukumu na hati ya talaka, kwa kutaja sababu. Sababu niliiandika kwa mstari mmoja: kusahihisha kumbukumbu ya ukoo.

Ombi lolote la namna hii lina ada yake. Hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, si mkononi, na stakabadhi ndiyo inayofungua kabati. Ni ada ndogo. Gharama ni nauli na siku.

Asubuhi ya pili nilipanda daladala kwenda juu. Barabara hupita Kiboriloni, kisha hewa hubadilika, na kila kona kuna mfereji au sauti ya mfereji. Mahakama niliyoelekezwa ilikuwa nyumba ya bati yenye vyumba vinne. Karani wake, kijana, alinipeleka chumba cha nyuma. Sitaitaja mahakama hiyo, kwa sababu nilichokiona si kosa la aliyekuwapo siku ile. Paa lilikuwa limevuja msimu baada ya msimu. Majalada ya miaka ya sabini yalikuwa yamegeuka matofali. Ya miaka ya themanini yalikuwa rafu ya juu kidogo, yamefungwa kwa kamba ya katani, na mchwa walikuwa wameanza kuyasoma kuanzia pembeni.

"Shikamoo baba," aliniamkia kabla ya kufungua kabati, kisha akaniambia kwa ukweli, "usiweke matumaini sana."

Majalada hayatafutwi kwa kupekua rafu. Hutafutwa kwa rejista, lile daftari kubwa ambamo kila shauri huandikwa siku linapofunguliwa. Tulifungua rejista ya 1986. Hapakuwa na orodha ya mashauri ya ndoa peke yake. Katika mahakama ile, miaka ile, ndoa ziliandikwa pamoja na madai mengine, ya mbuzi, ya mipaka, ya deni la mahindi. Yalikuwa mengi, na mwandiko ulikuwa wa watu watatu. Kijana aliniuliza kama tunajua mwezi.

Mama mkubwa alikuwa ameniambia: Mfungo Mosi. Hakujua mwezi wa kizungu, wala hakuona haja ya kuujua. Alikumbuka kuwa Ramadhani ilikuwa imekwisha, na kwamba alifungua shauri siku chache baada ya Idi, kwa kuwa hakutaka kumshitaki mume ndani ya mwezi mtukufu. Mwaka ule Ramadhani iliangukia Mei, na Mfungo Mosi ukaanza kiasi cha tarehe 10 Juni. Tukaanzia hapo. Tulilikuta katika ukurasa wa tatu wa Juni, jina la mama mkubwa likiwa limepoteza "binti" na kupata herufi moja ya ziada. Laiti angekumbuka kwa Juni na Julai tu, kama tunavyokumbuka sisi, sijui tungepekua mpaka lini. Kijana aliandika namba kwenye kiganja chake, akapanda ngazi.

Jalada lilikuwa na kurasa 19, karibu zote za mkono.

Nimesoma mashairi mengi maishani, na hadithi nyingi, lakini sikuwa nimesoma mwenendo wa shauri la Mahakama ya Mwanzo, na nadhani wapenzi wa lugha wanaokaa mbali na mahakama wanakosa kitu. Katika mahakama hizo Kiswahili ndicho kilichotawala tangu zamani. Hakimu husikiliza na kuandika kwa mkono wake, na huandika kwa nafsi ya kwanza, kama anavyosema shahidi. Kwanza huja utambulisho: mwanamke, miaka 33, Mwislamu, mkulima na mshonaji, anaapa na kusema. Halafu sauti. "Mimi mdaiwa ni mume wangu." Hakimu hakupamba. Amekata yanayojirudia, ameacha mengine, na mahali pengine unaona kalamu yake ikikimbilia nyuma ya maneno. Lakini lugha ni yake mama mkubwa: "hajambo wala hawajambo hatukuwa tukiulizana" haiwezi kuwa sentensi ya hakimu wa mlimani. Ni ya Unguja ile ile ninayoisikia jikoni kwake.

Mahakama za juu kwa miaka mingi ziliweka kumbukumbu zake kwa Kiingereza, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama. Lau mume angekata rufaa ndani ya zile siku 45, maneno ya mama mkubwa yangepanda Wilayani yakageuzwa lugha, na hukumu ambayo leo mtu angeweza kuisoma ingekuwa inaeleza kwa Kiingereza cha watu wengine kwamba yeye na mumewe hawakuwa wakiongea. Hukumu za Mahakama Kuu na za Rufani siku hizi hupatikana kwa wingi mtandaoni, kwenye TanzLII, na ni hazina kubwa. Majalada ya mwanzo hayamo. Yako rafuni, chini ya paa.

Alichoeleza ni kifupi. Mume alitamka talaka nyumbani mwaka uliotangulia. Wazee wa mume walisema ni hasira tu, hapa kwetu mtu haachi mke kwa ulimi, kaa. Akakaa. Akaambiwa yeye ni mke anapohitajika shambani na si mke anapohitaji nguo. Kwao Unguja kauli ile ingetosha kumrudisha kwa wazazi wake; mlimani haikumtosha kutoka wala kubaki. Akaenda barazani, wakashindwa kuwapatanisha, na hati ya baraza imo jaladani, ya kwanza kabisa. Akaja mahakamani. Nilimwelewa hapo zaidi ya nilivyomwelewa katika miaka yangu yote ya kuwa mwanawe: hakwenda kuomba aachwe. Alikwenda kuomba iandikwe.

Mume naye alisema. Ningependa kuwa na sababu ya kumchukia, lakini jalada halikunipa. Alikiri kutamka. Alisema hana chuki naye, ila nyumba ilikuwa imekwisha.

Kisha nikageuza ukurasa nikakuta SM2, yaani shahidi wa pili wa upande wa mdai. Mwanamke, mtu mzima, mkulima, anaapa na kusema: mdaiwa ni mwanangu wa kumzaa.

Mama wa mume ndiye aliyesimama upande wa mkwewe. Alisema alikuwapo jikoni mwanawe alipotamka, alisikia kwa masikio yake, na wanaosema haikusemwa hawakuwapo. Alisema mkwewe amemuuguza miaka miwili. Alipoulizwa na mdaiwa kama ana swali au hasira juu yake, alijibu kuwa hana, ila hataapa uongo kwa ajili ya mtoto. Chini yake pana dole gumba, la wino mweusi, lililokolezwa sana, mistari yake imefumbana kwa kuzidi wino. Ukoo ulioandika "alitoroka" ni uzao wa dole hilo.

Wazee washauri wawili walikubaliana, hakimu akatamka. Ndoa ikavunjwa. Kuhusu mali, sheria ya 1971 huipa mahakama uwezo wa kugawa kilichochumwa pamoja, na miaka mitatu nyuma, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ilikuwa imekubali kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali hiyo. Sijui habari hiyo ilikuwa imefika umbali gani juu ya mlima. Kihamba kilikuwa cha ukoo, hakikuguswa. Nyumba ilisimama juu ya kihamba, nayo haikuguswa. Mama mkubwa alipewa mbuzi jike wawili, vyombo vyake vya jikoni na cherehani moja. Kwa miaka 12 ya kulima kahawa ya watu, naona ni kidogo, na sioni haya kusema hivyo kwa kuwa yeye mwenyewe hajasema.

Mahakama ile haikuwa na mashine ya kunakili. Jalada halisi haliruhusiwi kutoka mkononi mwa mahakama, basi karani alilichukua yeye, tukashuka pamoja mjini, nakala zikatolewa mbele yake, akapanda nalo tena. Siku ya nne hakimu alitia sahihi na muhuri kila ukurasa, kuthibitisha kuwa ni nakala halisi ya iliyoko jaladani. Muhuri huo ndio thamani ya karatasi yote. Picha ya simu, hata ikiwa safi vipi, haipokelewi na msimamizi wa mirathi wala na msajili. Niliuliza pia habari za usajili. Kwa talaka ya zamani namna ile, ambayo haijulikani kama mahakama iliipeleka daftarini au la, anayetaka cheti huchukua nakala iliyothibitishwa na kuiwasilisha kwa msajili, pamoja na cheti cha ndoa kama kipo. Mwenye kutaka kuolewa tena asiiache hatua hiyo. Mama mkubwa, ana miaka 70, alisema hana nia hiyo, na watu wa nyumbani wakacheka kuliko alivyopenda.

Nakala moja ilikwenda kwa mwanawe wa pili, aliyeipeleka kwenye kikao. Aliniambia kuwa walibishana juu ya hukumu kwa muda, kama iliwahi kutolewa au la, mpaka mzee mmoja, ndugu mdogo wa marehemu, alipofika kwenye ukurasa wa SM2. Akauliza kama lile ni dole la mama. Akaambiwa ndilo. Akaishikilia karatasi kwa mikono miwili, hakuipitisha kwa wengine kwa muda, kisha akasema muhtasari uandikwe upya. Wakaandika: aliachwa kwa amri ya mahakama, 1986. Pamoja na muhtasari huo mpya, mzee alimpa kijana jani la sale alipeleke Unguja. Lilifika limenyauka, ndani ya bahasha ya kaki, na sasa liko ndani ya msahafu wa mama mkubwa. Hajasema amelipokea wala hajalirudisha.

Nakala ya pili aliisoma yeye mwenyewe, mchana mzima, ukurasa kwa ukurasa, miwani ikimtelemka. Kwenye dole gumba la mkwewe alikaa muda mrefu. Hakuwahi kutuambia habari ya yule bibi, hata siku moja, na hakutuambia siku ile pia. Alipofika kwenye mgao wa mali alinyanyua uso, akakunja paji.

"Wameandika cherehani moja," akasema. "Ilikuwa ya miguu, mwanangu. Mbona hawakuandika kuwa ilikuwa ya miguu?"